Kifaru na Kimya: Tawasifu ya Heinz Guderian kama Utetezi

UTANGULIZI

Miongoni mwa tanzu za nathari, tawasifu ndiyo inayosomwa kwa imani kubwa zaidi na kuhakikiwa kwa nadra zaidi. Riwaya huingia darasani ikiwa imekwisha kushukiwa: msomaji anajua kwamba wahusika wake wamebuniwa, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha jinsi ubunifu huo unavyobeba ukweli wa jamii. Tawasifu huingia kwa mlango mwingine. Jina lililo kwenye jalada ni la mtu aliyeishi, tarehe zake zinathibitika, na matukio yake yamo katika vitabu vya historia. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wengi huichukua kuwa chanzo cha habari tu, wakasahau kwamba nayo ina msuko, mtazamo na uteuzi wa lugha.

Makala haya yanachunguza tawasifu ya afisa mstaafu wa vifaru, Jenerali Heinz Guderian wa Ujerumani. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1951 kwa anwani ya Erinnerungen eines Soldaten, yaani Kumbukumbu za Mwanajeshi, na kwa Kiingereza mwaka 1952 kwa anwani ya Panzer Leader. Hoja inayotetewa ni kwamba tawasifu hii inayageuza maisha kuwa kazi, na kazi kuwa historia ya chombo kimoja, kifaru. Kwa mageuzi hayo maswali ya maadili huvishwa vazi la maswali ya ufundi. Kimya kilichomo katika matini, kwa hiyo, kina kazi ya kimsuko: bila ya kimya hicho, shujaa anayesimuliwa hawezi kusimama.

Uchunguzi unaegemea dhana mbili. Ya kwanza ni ya Philippe Lejeune ambaye, katika Le pacte autobiographique (1975), aliieleza tawasifu kuwa ni mkataba baina ya mwandishi na msomaji: mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja, naye anaahidi kusema kweli juu ya nafsi yake. Ya pili ni ya Pierre Macherey ambaye, katika Pour une théorie de la production littéraire (1966), alishikilia kwamba kazi ya fasihi hufahamika pia kwa yale isiyoweza kuyasema. Dhana ya kwanza inatuuliza ni ahadi gani iliyotolewa na kwa nani. Ya pili inatuelekeza mahali pa kuitafuta ahadi hiyo inapovunjika.

MAISHA YA MWANDISHI

Guderian alizaliwa tarehe 17 Juni 1888 huko Kulm, mji ambao leo umo nchini Poland kwa jina la Chełmno. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Mtoto aliingia shule ya makadeti mwaka 1901, akapewa cheo cha luteni mwaka 1908, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia akatumika katika mawasiliano ya redio na kazi za unadhimu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliikataza Ujerumani kumiliki vifaru. Mwaka 1922 Guderian alipelekwa katika idara ya usafiri wa magari ya jeshi, na humo ndimo alimoanza kuandika na kufundisha juu ya vita vya magari na deraya. Mwaka 1935, utawala wa Hitler ulipoukiuka mkataba ule waziwazi, divisheni tatu za vifaru ziliundwa, naye akapewa ukuu wa ile ya pili. Mwaka 1937 alichapisha kitabu chake cha mbinu za kivita, Achtung – Panzer!

Aliongoza vikosi katika uvamizi wa Poland mwaka 1939. Mwezi wa Mei 1940 alivuka mto Meuse huko Sedan, na katika muda wa siku saba vifaru vyake vikafika Abbeville, karibu na bahari. Mwaka 1941 aliongoza Kundi la Pili la Vifaru katika uvamizi wa Umoja wa Kisovieti. Mwezi wa Desemba wa mwaka huo aliondolewa madarakani kwa ugomvi juu ya kurudi nyuma mbele ya Moscow. Alirejeshwa mwaka 1943 akiwa Mkaguzi Mkuu wa Vikosi vya Vifaru. Tarehe 21 Julai 1944, siku moja baada ya jaribio la kumwua Hitler, akateuliwa kukaimu kazi ya Mnadhimu Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu. Aliondolewa tena tarehe 28 Machi 1945, akatekwa na Wamarekani mwezi wa Mei, na akaachiliwa mwaka 1948 bila ya kushtakiwa. Alifariki tarehe 14 Mei 1954.

Ni muhimu kuukumbuka wakati wa uandishi. Mwaka 1951 Ujerumani haikuwa na jeshi. Jeshi jipya la Ujerumani Magharibi lilikuja kuanzishwa mwaka 1955. Mashtaka ya Nuremberg yalikuwa bado mapya katika fikra za watu, na wakati huohuo mataifa ya Magharibi yalikuwa yakijadili kuwapa Wajerumani silaha tena ili wasimame dhidi ya Wasovieti. Guderian mwenyewe aliuingia mjadala huo kwa vijitabu viwili, mwaka 1950 na 1951. Kwa hiyo tawasifu yake ina wasomaji wa namna mbili: Wajerumani waliotaka kusikia kwamba askari wao walipigana kwa heshima, na maafisa wa Magharibi waliotaka kujifunza namna ya kupigana na Warusi. Kila sura ya kitabu inawaangalia wasomaji hao.

MSUKO: KAZI BADALA YA MAISHA

Sifa ya kwanza inayomgusa msomaji ni ufupi wa utoto. Malezi, wazazi, shule na ndoa vinamalizwa kwa kurasa chache tu, kana kwamba ni fomu ya kuombea kazi. Hata Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyochukua miaka minne ya ujana wa mwandishi, havipewi sura yake. Masimulizi yanaanza kwa dhati pale afisa anapokutana na injini. Kwa kawaida ya utanzu huu, tungetarajia nafsi ikue kwa kukosea, kujuta na kujirekebisha. Katika kitabu hiki kinachokua ni silaha. Mwanzo wake ni wa dhiki na dhihaka: katika mazoezi, askari walitumia vifaru vya bandia vilivyotengenezwa kwa turubai, na msimulizi anakumbuka watoto wa shule waliozoea kuvitoboa kwa kalamu za risasi ili wachungulie ndani. Baadaye vinakuja vya mabati vilivyofungwa juu ya magari. Halafu, mwaka 1929, afisa anasafiri hadi Uswidi na kwa mara ya kwanza anaendesha kifaru cha kweli. Hatimaye zinakuja divisheni, ushindi, na anguko.

Msuko huu ni wa kisa cha shujaa anayejulikana katika ngano za mataifa mengi: mtoto anayedharauliwa, anayeshuhudiwa na wachache, kisha anayeidhihirisha nguvu yake mbele ya mfalme. Tukio la uwanja wa majaribio wa Kummersdorf, ambapo Hitler anaonyeshwa vikosi vya magari na kuvifurahia papo hapo, lina kazi hiyo hasa katika ploti. Msimulizi analieleza kwa fahari ya mgunduzi aliyepata mfadhili. Yule mfadhili ni nani, na anakitakia nini chombo kile, ni maswali ambayo msuko hauyapi nafasi, kwa kuwa katika kisa cha namna hii mfalme huja kulitambua jambo tu.

Kwa mpango huohuo, uvamizi wa Poland unasimuliwa kama safari ya kurudi kwao. Vikosi vinapita Gross-Klonia, mashamba yaliyowahi kuwa ya jamaa za msimulizi, kisha Kulm alikozaliwa. Lugha, ambayo kwingineko ni kavu kama taarifa ya kikosi, inalainika ghafla: makaburi ya wazee yanatajwa, na kumbukumbu za ukoo zinaamshwa. Msomaji anavutwa kuhisi upweke wa mtoto wa nyumbani, na kwa kurasa hizo anasahau kwamba mtoto huyo amekuja na mizinga, na kwamba wenye nchi wapo. Hiyo ni mbinu ya kimtindo, na inafanya kazi kwa sababu ni ya ghafla na ya nadra.

NAFSI YA PEKEE NA WENZAKE WALIOFIFIA

Kisa cha mgunduzi kinahitaji mgunduzi mmoja. Hii ndiyo sababu wahusika wengine wa historia ya vifaru vya Ujerumani wanafifia. Oswald Lutz, mkubwa wake aliyeongoza idara ya vikosi vya magari na aliyekuwa jenerali wa kwanza wa vifaru katika jeshi hilo, anabaki katika nafasi ya mlezi mwema. Ernst Volckheim, aliyekuwa akiandika juu ya vifaru tangu miaka ya 1920, hana uzito unaolingana na kazi yake. Ludwig Beck, Mnadhimu Mkuu wa wakati ule, anasawiriwa kuwa kizuizi, mtu wa kale asiyeelewa mambo mapya. Utafiti wa baadaye, ukiwamo wa James Corum katika The Roots of Blitzkrieg (1992) na wasifu ulioandikwa na Russell Hart (2006), umeonyesha kwamba mawazo hayo yalikuwa ya wengi, na kwamba Beck hakuwa adui wa vifaru kama anavyochorwa.

Ikumbukwe kwamba Beck aliuawa tarehe 20 Julai 1944 baada ya kushiriki katika njama dhidi ya Hitler. Kwa hiyo usawiri wake una uzito kuliko ugomvi wa kiofisi. Mtu ambaye msomaji wa mwaka 1951 angeweza kumtaja kama kipimo cha dhamiri ya afisa, hapa anapimwa kwa kipimo kingine kabisa: je, aliunga mkono kifaru au hakukiunga? Kwa kipimo hicho Beck anashindwa na msimulizi anashinda. Mfano huu mmoja unaonyesha wazi jinsi ufundi unavyokalia kiti cha maadili katika matini nzima.

Hitler naye amepewa nafasi mbili. Kabla ya mwaka 1940 ni mfadhili. Baada ya hapo ni kikwazo. Amri ya kusimama karibu na Dunkirk ya tarehe 24 Mei 1940 inaelekezwa kwake, ingawa wanahistoria wameonyesha kwamba Jenerali von Rundstedt naye alikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Mwezi wa Agosti 1941 msimulizi anakwenda kumshawishi Hitler washambulie Moscow kwanza, anakataliwa, kisha anarudi kutekeleza mpango wa Kiev. Magomvi ya mwaka 1945 yanaelezwa kwa tamthilia kamili, pamoja na hasira, makelele na miguu inayotembea huku na huko chumbani. Haifai kuyakana: mengi ya magomvi hayo yalitokea, na msimulizi alikuwa na ujasiri wa kubishana ambao wengi waliomzunguka hawakuwa nao. Hata hivyo, ni lazima mhakiki aulize ubishi ulihusu nini. Karibu kila mara ulihusu namna bora ya kuvipigana vita vile. Uhalali wa vita vyenyewe haukuwa mada.

VITI VYA TOLSTOY NA MAISHA YA MATEKA

Pengo baina ya ufundi na maadili linaonekana wazi zaidi katika sura za mwaka 1941. Mwezi wa Novemba makao ya msimulizi yalikuwa Yasnaya Polyana, nyumba ya mwandishi Leo Tolstoy karibu na Tula. Wasovieti walidai baada ya kuikomboa kwamba Wajerumani waliiharibu nyumba na kuliingilia kaburi, na jambo hilo likatajwa hata huko Nuremberg. Katika tawasifu Guderian anajibu kwa kirefu. Anaeleza vyumba vilivyotumiwa na vilivyofungwa, anasema samani na vitabu vilihifadhiwa, kuni zilitoka msituni, na kaburi, ambalo yeye mwenyewe alilizuru, halikuguswa na askari wake.

Lugha ya sehemu hii ni ya kizimbani. Shutuma inatajwa, ushahidi unapangwa, na shahidi anajitokeza kwa nafsi yake. Ni mahali pachache ambapo msimulizi anakiri waziwazi kwamba anashitakiwa. Kwa hiyo panatupa kipimo cha kupimia kwingineko. Amri ya Hitler ya kuwaua makomisa wa kisiasa wa jeshi la Kisovieti wanapotekwa ilikuwa shutuma nzito kupita ile ya samani mara elfu. Hapo msimulizi ana maneno machache tu: amri hiyo haikulifikia kundi lake. Hakuna vyumba, hakuna mashahidi, hakuna mpangilio wa tukio. Utafiti wa Felix Römer, uliochapishwa mwaka 2008, umekusanya taarifa za vikosi vya jeshi la Ujerumani upande wa mashariki, vikiwamo vilivyokuwa chini ya Guderian, zinazohesabu makomisa waliopigwa risasi. Amri ilifika.

Hali ni hiyohiyo kwa mateka. Baada ya mzingiro wa Kiev mwezi wa Septemba 1941, Wajerumani walihesabu zaidi ya mateka 600,000. Tawasifu inaitoa hesabu kama kipimo cha mafanikio, na inasimulia mazungumzo ya kistaarabu baina ya msimulizi na Jenerali Potapov aliyetekwa huko. Baada ya hapo mateka wanatoka katika masimulizi. Katika historia hawakutoka hivyo: kati ya askari wa Kisovieti waliotekwa mwaka 1941, takriban milioni mbili walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi kabla ya majira ya joto ya mwaka 1942. Masimulizi yanayojua idadi ya vipuri vilivyokosekana na kina cha matope barabarani hayajui waliko watu hawa. Msimulizi anakumbuka kwamba vifaru vyake vilipoingia Orel, tramu zilikuwa bado zikitembea mjini. Kumbukumbu yake, basi, si dhaifu, ina uchaguzi.

Suala la shamba la Deipenhof linafunga mfano huu. Mwaka 1943 Guderian alipewa na Hitler shamba la zaidi ya hekta 900, lenye thamani ya zaidi ya Reichsmark milioni moja, katika eneo la Poland lililotwaliwa na Ujerumani. Aidha, kama majenerali wengine wa ngazi ya juu, alikuwa akipokea malipo ya siri kila mwezi kutoka kwa Hitler. Katika tawasifu shamba linatajwa kama tuzo ya taifa na makazi ya familia baada ya nyumba ya Berlin kupigwa mabomu. Wapoland walionyang'anywa hawana sauti wala jina. Hapa dhana ya Macherey inathibitika: endapo mwenye shamba wa Kipoland angeingia katika sentensi, kisa kizima cha fundi asiye na tamaa kingepasuka.

Vivyo hivyo mahakama ya heshima ya mwaka 1944. Guderian alikuwa mjumbe wa baraza hilo lililowafukuza jeshini maafisa walioshukiwa kwa njama ya Julai, ili wapelekwe mbele ya Mahakama ya Umma, na wengi wao wakanyongwa. Msimulizi anasema aliingia kwa kulazimishwa, akahudhuria kwa uchache, na akajaribu kuokoa aliowaweza. Huenda ni kweli. Lakini msimulizi huyohuyo, mwishoni mwa Julai 1944, alikuwa ametoa agizo lililowataka maafisa wanadhimu wawe mfano wa itikadi ya Chama cha Nazi. Mhusika wa tawasifu na mtoaji wa agizo wana jina moja. Kwa mujibu wa mkataba wa Lejeune walipaswa kuwa mtu mmoja.

MATINI MBILI, AHADI MBILI

Mkataba huo unatikisika zaidi tunapoliweka toleo la Kijerumani mkabala na lile la Kiingereza. Tafsiri ilifanywa na Constantine FitzGibbon, na utangulizi ukaandikwa na B. H. Liddell Hart, mwandishi mashuhuri wa Uingereza wa masuala ya vita. Katika toleo la Kiingereza, sehemu inayoeleza asili ya mawazo ya msimulizi ina aya inayomsifu Liddell Hart kuwa ndiye aliyesisitiza matumizi ya vikosi vya deraya kwa mashambulizi ya mbali, na kwamba msimulizi alijifunza kwake. Katika toleo la Kijerumani aya hiyo haimo.

John Mearsheimer, katika Liddell Hart and the Weight of History (1988), alieleza chanzo chake kwa kutumia barua za wahusika: Liddell Hart ndiye aliyemwomba Guderian aongeze maneno ya namna hiyo, naye Guderian akakubali. Wanahistoria wamelijadili jambo hili kwa kuuliza nani aliathiri nani katika nadharia ya vita. Kwa mhakiki wa fasihi lina maana nyingine. Linaonyesha kwamba nafsi ya tawasifu, ile inayosema nilisoma, nilifikiri, nilijifunza, ni nafsi inayoweza kupatanwa bei. Msomaji wa Kijerumani alipewa mgunduzi aliyejitegemea. Msomaji wa Kiingereza akapewa mwanafunzi wa Mwingereza. Kila mmoja alipata kumbukumbu iliyomfaa.

Tukio hili linapaswa kuwazindua wanaofundisha tawasifu kwa njia ya tafsiri. Kwa kawaida tafsiri hulaumiwa kwa kupoteza kitu. Hapa tafsiri imeongeza, na nyongeza imetoka kwa mwandishi mwenyewe. Hivyo haitoshi kuuliza kama mfasiri alikuwa mwaminifu kwa matini asilia. Ni sharti kuuliza pia kama mwandishi alikuwa mwaminifu kwa kumbukumbu yake.

ULINGANISHO NA TAWASIFU YA KISWAHILI

Wasomaji wa Afrika Mashariki si wageni wa kumbukumbu za maafisa wa Kijerumani. Paul von Lettow-Vorbeck alichapisha zake mwaka 1920 juu ya vita vya 1914 hadi 1918 katika eneo hili, na humo pia werevu wa mbinu za kivita unatangulia mbele, huku wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika pande zote mbili za vita hivyo, wakibaki nyuma ya pazia. Ulinganisho wenye manufaa zaidi, hata hivyo, unapatikana ndani ya Kiswahili chenyewe, katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Tawasifu hiyo iliandikwa Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, aliyeichapisha Ujerumani pamoja na tafsiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley akaitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nayo ni tawasifu ya kazi. Utoto wake ni mfupi, safari ni ndefu, na hesabu za pembe kwa frasila zina nafasi ile ambayo kwa Guderian ina umbali wa kilomita kwa siku. Tofauti iko katika kimya. Tippu Tip anasimulia alivyompiga Nsama na kuzitwaa pembe zake. Anasimulia pia jinsi alivyojidai kuwa jamaa wa Kasongo Rushie wa Utetera na kwa hila hiyo akapewa utawala. Haombi radhi na wala hajifichi. Anayaona mambo hayo kuwa ni werevu wa kazi, na anatarajia msikilizaji naye ayaone hivyo.

Wote wawili wanayapima maisha kwa ustadi, na wote wawili hawawapi sauti walioumizwa na ustadi huo. Lakini Tippu Tip anaandika kama mtu asiyejua kwamba yuko mbele ya mahakama, ilhali Guderian anaandika akijua. Kwa sababu hiyo matini ya Tippu Tip, pamoja na ukatili uliomo, inampa mhakiki ushahidi mwingi zaidi juu ya msimulizi wake. Matini ya Guderian imekwisha kuoshwa kabla ya kutufikia. Upande wa pili kabisa wa mizani tunaweza kuiweka Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert. Mwandishi huyo naye alikuwa mtumishi wa serikali, tena serikali ya kikoloni, lakini utumishi katika masimulizi yake ni mtihani wa utu. Kazi inapimwa kwa maadili. Mkabala huo wa tatu unasaidia kuona kwamba kuyapima maadili kwa kazi, kama afanyavyo Guderian, ni uamuzi wa mwandishi. Utanzu haukumlazimisha.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba tawasifu ya Guderian ina msuko wa kisa cha mgunduzi. Kwamba msuko huo unahitaji kuwafifisha wenzake, kumgeuza Hitler kuwa mfadhili kisha kikwazo, na kuwanyamazia mateka, makomisa na Wapoland. Na kwamba matoleo mawili ya kitabu yanaithibitisha nafsi inayojibadilisha kwa kumwangalia msomaji. Ustadi wa kitabu haukanushwi. Nathari yake ni safi, maelezo yake ya mwendo na ardhi ni ya mtu aliyeviona, na ndiyo sababu kwa miongo mingi kimesomwa kama ushahidi wa kutegemewa na kimesaidia kuieneza picha ya jeshi la Ujerumani lililopigana kwa usafi huku uovu ukifanywa na wengine. Picha hiyo imevunjwa na utafiti wa miaka mingi, lakini kitabu bado kinachapishwa na kusomwa, na mtindo wake unaendelea kuigwa na maafisa wastaafu wa mataifa mbalimbali.

Kwa idara za Kiswahili, ambako tawasifu na wasifu vinazidi kuingizwa katika mitalaa, mfano huu unadai mabadiliko ya namna ya kusoma. Mwanafunzi asiishie kufupisha matukio na kuorodhesha mafunzo. Aulize ni nani aliyekuwa akisomewa kitabu kilipotoka. Alinganishe matoleo na tafsiri. Apime urefu wa utetezi katika kila shutuma, na aone ni wapi mwandishi ana maneno mengi na ni wapi hana. Viti vya Tolstoy vilipata mashahidi na maelezo kamili. Makomisa walipata kanusho la maneno machache. Hesabu hiyo ndogo, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya akiwa na kitabu mkononi, inamweleza afisa huyu kuliko sifa zote alizojipa mwenyewe.